Kichwa Kinachotikiswa Nyuma ya Kioo: Kudhibiti Upepo kwenye Pikipiki ya Safari Ndefu

Ukiondoa kioo cha mbele cha pikipiki ukaweka kirefu zaidi, halafu ukakuta kichwa kinatikiswa kuliko mwanzo, usidhani umeuziwa kitu kibovu. Hilo huwapata wengi wanaosafiri masafa marefu, na lina sababu yake. Upepo unaokupiga kutoka mbele ndio wenye makosa madogo kabisa. Kinachokutesa ni hewa inayokimbilia kujaza nafasi tupu iliyoachwa nyuma ya kioo, ikiingia kutoka chini, pembeni na juu kwa zamu. Asiyejua hewa hiyo inapitia wapi ataendelea kununua vioo, kimoja baada ya kingine, na shingo itaendelea kuuma.

Tutatumia Suzuki V-Strom 650 kama mfano. Ni pikipiki nzuri ya safari iliyoingia sokoni 2004, na kutikisa kichwa cha dereva ni lalamiko lililoifuata muda mrefu. Kanuni zake ni zilezile kwa Kawasaki Versys, Honda Africa Twin na BMW za GS. Harley-Davidson za safari zina tofauti moja muhimu, nayo tutaifikia.

Hewa inafanya nini hasa

Nguvu ya upepo haikui sambamba na mwendo, inakua kwa mraba wake. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukafika 120, mwendo umeongezeka mara moja na nusu lakini msukumo umeongezeka mara 2.25. Kwenye usawa wa bahari, kwa mwendo wa 120, hewa inasukuma kwa karibu kilo 65 kwa kila mita moja ya mraba. Helmeti ni ndogo na ya mviringo, kwa hiyo inabeba kilo mbili hivi. Shingo inaumudu mzigo huo kutwa nzima bila shida iwapo unasukuma upande mmoja na haubadiliki. Shida huanza pale unapobadilika mara nyingi kwa sekunde.

Hewa ya nyanda za juu nayo ina habari yake. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hadi 20. Anayerekebisha kioo chake akizunguka Nairobi, akaridhika, kisha akateremka pwani kwa mwendo uleule, atakutana na upepo wenye nguvu zaidi kidogo bila pikipiki kubadilika chochote. Upepo wa asili nao una hesabu yake: ukienda 100 huku upepo wa 20 unakuja usoni, helmeti inaona 120, yaani msukumo umepanda kwa asilimia 44. Ndiyo maana majaribio yote ya upepo hufanywa kwa kwenda na kurudi kwenye barabara moja, asubuhi kabla upepo haujaamka, na mbali na malori. Hewa nyuma ya lori au basi imevurugika kwa makumi ya mita. Ukiwa humo huwezi kujua kosa ni la kioo chako au la lori.

Sasa tazama kioo chenyewe. Hewa inapokutana nacho inapanda juu na kupita pembeni. Inapofika ukingoni haiwezi kugeuka ghafla ikafuata mgongo wa kioo, kwa hiyo inaachana nacho. Nyuma yake presha inashuka. Umewahi kuona maji ya mto yanavyozunguka nyuma ya nguzo ya daraja: mzunguko mmoja unajitokeza kushoto, unakatika, unafuata mwingine kulia. Nyuma ya kioo chenye upana wa sentimita 40, kwa mwendo wa 100, mizunguko hiyo hukatika mara 10 hadi 15 kila sekunde, na kila unaokatika unagonga kile kilichoko njiani. Kikiwa helmeti, macho yanapoteza uwezo wa kutulia kwenye kibao cha barabarani. Saa mbili za hali hiyo zinatosha kukupa kichwa kinachouma.

Chini ya kioo kuna mlango mwingine wa hewa. Ile presha ndogo nyuma ya kioo inanyonya hewa inayopita kati ya shokapu za mbele, pembeni mwa rejeta na kwenye mabega ya tangi. Hewa hiyo inapanda juu ya tangi, inagonga tumbo na kifua, inaingia chini ya kidevu. Dalili zake hazifanani na za upepo wa juu. Mkanda wa helmeti unavuta koo kwa juu. Kioo cha helmeti kinajifungua chenyewe. Macho yanatoa machozi ingawa kioo cha helmeti kimeshushwa, na vumbi linaingia kupitia kidevuni. Dalili iliyo wazi kuliko zote hujitokeza siku ya mvua: angalia upande wa ndani wa kioo cha mbele, ule unaokutazama. Matone yakiwa yanapanda kuelekea ukingo wa juu badala ya kuteremka, basi hewa inatoka chini na inapanda, na hakuna kioo kirefu kitakachokuokoa. Kioo kirefu kinaongeza ile nafasi tupu, na nafasi tupu kubwa inanyonya hewa nyingi zaidi kutoka chini.

Mwaka 1976 BMW ilitoa R 100 RS yenye ganda kamili la mbele lililofanyiwa kazi kwenye handaki la upepo (chumba cha kupimia mwendo wa hewa) la kampuni ya usanifu ya Pininfarina, Italia. Hata kazi ya namna hiyo haiwezi kumridhisha kila mtu, kwani watu wawili wenye urefu mmoja wa kusimama wanaweza kupishana sentimita tano au zaidi wakikaa. Ukisikia mtu anasifia kioo fulani, muulize kwanza urefu wa kiwiliwili chake na helmeti anayovaa.

Tafuta chanzo kabla ya kufungua spana

Chagua barabara iliyonyooka, isiyo na magari, yenye lami nzuri. Mwendo wa 80 hadi 90 unatosha. Anza na kuinuka. Simama kidogo kwenye vikanyagio, sentimita tano, kisha kumi, kisha kumi na tano, ukisikiliza helmeti. Kama mtikisiko unakoma na kelele inageuka kuwa mvumo mmoja uliotulia, kichwa kimeingia hewa safi na chanzo ni ukingo wa juu wa kioo. Kumbuka uliinuka kiasi gani, kwa sababu hicho ndicho kipimo utakachofanyia kazi. Kisha inama mpaka kidevu kikaribie tangi. Kama kumetulia huko, unazo njia mbili: kushusha mkondo wa hewa uishie kifuani, au kuupandisha upite juu ya helmeti. Kama hata ukiinama kunatikisika, hewa inatoka chini au pembeni.

Kipimo cha pili ni mkono wa kushoto, maana wa kulia unashika mafuta. Uweke wazi nyuma ya kioo, karibu na saa ya mwendo, kisha uupandishe polepole. Chini utahisi jambo linaloshangaza wengi: hewa inausukuma mkono kutoka nyuma kwenda mbele, kuelekea kioo. Ukipanda utafika mahali vidole vinapoanza kupigwa huku na huku. Ukipita hapo, msukumo unakuwa mmoja, wa kutoka mbele. Ile sehemu ya katikati ndiyo mpaka wenye fujo, na swali lote la kioo ni kama mpaka huo unapita kwenye helmeti yako au la.

Cha tatu ni magoti na tangi. Bana magoti kabisa kwenye tangi, kisha weka mkono wa kushoto ulale juu ya tangi mbele ya tumbo. Kama helmeti inatulia, umeshapata mlango wa chini. Begi la tangi lililojazwa nguo linafanya kazi hiyohiyo, na wapo wanaolibeba safari nzima kwa ajili hiyo tu.

Anayetaka kuona kwa macho akate nyuzi za sufu za rangi kali, sentimita 8 hadi 10 kila moja, azibandike kwa selotepu upande wa ndani wa kioo, juu ya tangi, kwenye kifua cha koti na pembeni mwa helmeti. Funga kamera ndogo kwenye usukani ikikutazama, irekodi kwa mwendo wa taratibu. Uzi uliolala kuelekea nyuma uko kwenye hewa safi. Unaocheza pande zote uko kwenye mizunguko, na uliosimama ukielekea juu au mbele unakuonyesha hewa inayorudi. Kazi ya robo saa, na inaokoa pesa ya vioo viwili.

Kipimo cha mwisho wengi wanakiogopa: fungua kioo, kiache nyumbani, nenda kilomita ishirini. Kama kifua kinachoka lakini kichwa kimetulia tuli, una ushahidi wote unaouhitaji.

Anza chini

Kosa la kawaida ni kuanza na kioo. Anza chini kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu kila utakachofanya juu kitabadilika ukishaziba chini.

Kwenye V-Strom, mwanya wa kuangalia ni ule kati ya shokapu na kava la pembeni la tangi, kulia na kushoto. Vipande vya majaribio vya kuuziba usivinunue. Dumu la zamani la lita 20 linatoa plastiki nzuri: inakatika kwa kisu, haivunjiki, haiogopi mvua. Plastiki nyepesi yenye matundu ya ndani inayotumika kwa mabango nayo inafaa. Kata vipande viwili vyenye upana wa sentimita 10 hadi 15 na urefu wa 25 hivi, vifunge kwenye gadi za kukinga injini kwa tai za plastiki, vikielekezwa nje ili hewa ipite upande wa nje wa magoti. Safiri. Ongeza au punguza upana. Ukipata umbo linalofaa ndipo ukate la kudumu kwa polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) ya milimita 3, ulifunge kwa klipu za chuma zenye mpira ndani.

Hapa pana mambo mawili yasiyo na mjadala. La kwanza, usizibe rejeta wala njia ambayo hewa ya moto inatokea. Jaribu kwenye mlima mrefu wenye mzigo, mfano Kitonga, ukiangalia kipimo cha joto. Sindano ikipanda kuliko ilivyozoea, punguza kikinga upepo. La pili, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, mara moja pikipiki ikiwa imesimama na mara moja mtu akiwa ameikandamiza mbele ili shokapu zizame. Kati ya kikinga na kitu chochote kinachosogea ibaki nafasi ya milimita 10 hadi 15. Kikinga kinachogusa paipu ya breki kitaisaga taratibu mpaka siku itakapopasuka.

Tofauti ya Harley iko hapa. Kwenye Electra Glide, ganda la mbele limefungwa kwenye shokapu na linageuka pamoja na usukani, kwa hiyo lazima kuwe na mwanya mkubwa kati yake na tangi. Hewa inapanda hapo moja kwa moja hadi kidevuni. Vikinga vinavyofungwa kwenye shokapu chini ya ganda husaidia sana, pamoja na kipande cha ngozi au mpira kinachoziba pembetatu iliyo kati ya shokapu mbili chini ya taa. Kwa toleo la 2014 kiwanda chenyewe kilitoboa ganda hilo na kuweka tundu la hewa chini ya kioo, linalofungwa na kufunguliwa. Mantiki ya tundu hilo ndiyo inayofuata.

Kukipa kioo nafasi ya kupumua

Kwa kuwa tatizo ni nafasi tupu inayotaka kujazwa, dawa ni kuijaza wewe mwenyewe kwa hewa uliyoichagua. Mwanya wa milimita 20 hadi 40 chini ya kioo unaruhusu hewa kupita taratibu upande wa ndani, presha ya pande mbili inakaribiana, na mizunguko inapoteza nguvu. Utahisi kaupepo kifuani. Hicho ni kitu cha kukubali kwa furaha, hasa kwenye joto la Dodoma au Voi.

Vioo vingi vimefungwa kwa bolti za M5 (kipenyo cha milimita 5) zinazoingia kwenye nati za mpira. Nunua bolti ndefu za chuma kisichoshika kutu na speisa za aluminiamu, yaani vipande vya mrija vinavyovaliwa kwenye bolti ili kuacha nafasi. Anza na speisa ya milimita 10 kwenye bolti za chini peke yake, ili ukingo wa chini usogee mbele. Jaribu kwa kwenda na kurudi. Nenda 20, kisha 30. Urefu wa bolti mpya uwe ule wa zamani kuongeza urefu wa speisa, usizidi sana, kwani bolti ndefu mno inagonga kitu ndani ya ganda. Speisa za plastiki zikipita milimita 20 zinanesa na kioo kinaanza kucheza, na kioo kinachocheza kinatengeneza mtikisiko wake chenyewe. Wapo watengenezaji wa mabano maalumu yenye mwanya na pembe za kurekebishwa, MadStad wa Marekani wakiwa wanajulikana sana kwa V-Strom. Ukiwa na fundi mzuri wa aluminiamu, bano la namna hiyo linatengenezeka mtaani.

Zingatia kwamba speisa za chini zinabadilisha pembe pia. Ukingo wa chini ukisogea mbele, kioo kinalala zaidi na mkondo wa hewa unashuka. Ukitaka mwanya bila kubadilisha pembe, weka speisa zinazolingana juu na chini. Kioo kilichosimama wima kinarusha hewa juu zaidi lakini nyuma yake panakuwa na utupu mkubwa. Kilicholala kinafanya kinyume chake. Kwa watu wengi, kulaza kidogo na kuacha mwanya kunashinda kusimamisha na kurefusha.

Ukingo wa juu na urefu

Baada ya hapo ndipo ushughulikie ukingo wa juu. Kama kipimo cha kuinuka kilionyesha kwamba unahitaji mkondo upandishwe sentimita tano hadi kumi, ulimi wa ziada unaobanwa juu ya kioo, kama ule wa kampuni za MRA au Givi, unatosha. Nguvu yake iko kwenye mwanya wa sentimita 2 hadi 3 kati yake na kioo. Ukiulaza ukagusa kioo umerudi kwenye kioo kirefu. Cheza na pembe yake kwanza, urefu baadaye.

Kama kipimo kilionyesha unahitaji kushuka, shusha. V-Strom nyingi zina nafasi tatu za kufunga kioo, na wenye viwiliwili virefu hushangaa kukuta ile ya chini kabisa ndiyo tulivu. Ikibidi kukata, kata si zaidi ya sentimita 2.5 kwa mara moja. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili, chora mstari, tumia msumeno wa umeme wenye meno madogo kwa mwendo wa chini, kisha msasa namba 240, 400 na 800 mpaka ukingo uwe wa mviringo. Kwa vyovyote vile, macho yako yapite juu ya ukingo, yakiiona lami moja kwa moja kuanzia mita 10 hadi 15 mbele. Kutazama usiku wa mvua kupitia plastiki yenye mikwaruzo, huku lori linakuja na taa kali, ni hatari ambayo hakuna utulivu wa shingo unaoweza kuifidia.

Kutoboa kunataka subira. Akriliki, plastiki nyingine ya vioo hivi, inapasuka ukiisukuma. Polikaboneti inastahimili, lakini inachukia kemikali. Tundu liwe kubwa kuliko bolti kwa milimita 1 au 2, na washa ya mpira ikae pande zote mbili. Kaza mpaka mpira uanze kubanwa, ongeza robo mzunguko, acha. Usipake gundi ya kushikilia nati karibu na polikaboneti, kwani inaleta nyufa zinazotambaa kutoka kwenye tundu. Petroli na mafuta ya breki yanafanya uharibifu uleule. Wadudu waliokauka waloweke kwa kitambaa chenye maji dakika kumi, kisha osha kwa sabuni ya vyombo.

Vilivyobaki ni vidogo, ila vina uzito. Helmeti yenye kikingajua cha mbele, ya mtindo wa barabara za vumbi, ijaribiwe bila hicho kikingajua kabla ya kulaumu pikipiki. Kitambaa cha kidevuni ndani ya helmeti na kola iliyofungwa vizuri vinapunguza upepo wa chini kwa gharama ndogo. Siti iliyoinuliwa au kushushwa sentimita 2 ni sawa na kubadilisha kioo. Abiria na boksi la nyuma wanabadilisha hewa pia, kwa hiyo jaribu ukiwa umepakia kama utakavyosafiri. Hata ukifaulu yote, kelele ndani ya helmeti hupita desibeli 90 mwendo ukikaribia 100, kwa hiyo viziba masikio havina mbadala.

Kuna kitu kimoja kisichochanganywa na haya. Kama kinachotikisika ni usukani au mkia wa pikipiki, achana na kioo. Punguza mwendo taratibu, simama, kagua upepo wa matairi, bearingi za shingo ya usukani na uzito uliorundika nyuma. Kioo kikubwa kilichofungwa kwenye shokapu pamoja na boksi zito la nyuma vinaweza kuianzisha hali hiyo, na kwenye maeneo ya upepo wa ubavuni kama Makambako au barabara ya Marsabit inakuwa mbaya zaidi.

Ukishamaliza kufunga, rudia kukaza bolti zote baada ya kilomita 200 za kwanza, na tena baada ya kila kipande kirefu cha barabara ya vumbi yenye matuta madogo, kwa sababu mtikiso wake hulegeza speisa kwanza. Tembea na bolti mbili za akiba za M5 na nati zake za mpira chini ya siti.